Mbwa Mchungaji Asiye na Kundi: Namna ya Kumlea Chotara wa Pudeli na Mbwa wa Kuchunga

Jioni moja mzazi mmoja alifika kituoni akiwa amemshika mkono mwanawe wa miaka saba. Juu kidogo ya kisigino cha mtoto huyo palikuwa na alama mbili ndogo za meno, na ngozi ilikuwa imechubuka. Haukupita muda mrefu, mwenye mbwa naye akaingia, amefadhaika. Alieleza kwamba mbwa wake hana ubaya wowote: hulala sebuleni pamoja na watoto wa nyumbani na hajapata kumng'ata mtu.

Baada ya kuwasikiliza wote wawili, tulibaini kuwa kila mmoja alisema kweli. Watoto wa mtaa walikuwa wakirudi kutoka shuleni huku wakikimbizana. Mbwa alitoka kupitia lango lililoachwa wazi, akawazunguka, akawasukuma wakae pamoja, na yule aliyebaki nyuma akamfinya kisigino kwa meno ili arejee kwa wenzake. Mbwa yule hakuwa na nia ya kumdhuru mtu. Alikuwa akichunga.

Tulipoomba kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, mwenye mbwa hakuwa nayo. Hapo ndipo jambo dogo lilipokua. Mtoto ililazimu aanzishiwe mfululizo wa sindano za kinga, gharama zikazua mabishano, na familia mbili zilizokuwa zikisalimiana kila asubuhi zikaketi mbele ya mwenyekiti wa LC1 kama mahasimu.

Mbwa huyo alikuwa chotara wa pudeli na Border Collie, mbwa wa kuchunga kondoo. Ni mgeni katika mitaa yetu, ila sasa huonekana katika baadhi ya nyumba za mijini, na wengi humpenda kwa manyoya yake ya kujikunja na uso wake wa upole. Makala hii inaeleza namna ya kumlea, ili sifa zake njema zisigeuke kuwa malalamiko kituoni.

Damu mbili za kazi

Watu wengi hudhani pudeli ni mbwa wa mapambo. Historia yake haisemi hivyo. Pudeli alikuwa mbwa wa wawindaji wa ndege wa majini, na jina lake limetokana na neno la Kijerumani lenye maana ya kurusharusha maji. Kazi yake ilikuwa kuogelea na kumletea bwana wake bata aliyeangushwa. Hata ule mtindo wa kumnyoa sehemu na kumwachia mashada ya manyoya ulianzia kazini: alipunguziwa uzito ndani ya maji, akaachiwa joto kifuani na kwenye maungio.

Upande wa pili wa damu yake ni mbwa mchungaji. Border Collie anatoka katika vilima vya mpaka wa Uingereza na Uskoti, ambako mchungaji mmoja huongoza kondoo wengi kwa mluzi tu, mbwa akiwazunguka na kuwatuliza kwa macho. Wako pia Australian Shepherd, aliyekuzwa katika mashamba ya magharibi mwa Marekani licha ya jina lake, na mbwa mchungaji wa Kijerumani, ambaye wananchi wengi wanamfahamu kwa ulinzi. Wote hao walichaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa sababu ya uhodari wa kuona kitu kinachokimbia, kukizuia na kukirudisha.

Ukiunganisha pudeli na mbwa wa namna hiyo, unapata mnyama mwenye akili nyingi kutoka pande zote mbili. Mbwa mwenye akili ya kazi asipopewa kazi hujichagulia kazi yake mwenyewe: atachunga watoto, baiskeli, bodaboda na mbuzi wa jirani.

Kabla ya kununua

Mtindo wa kuzalisha machotara wa pudeli ulipata umaarufu nchini Australia mwaka 1989. Wally Conron, aliyekuwa akisimamia uzalishaji wa mbwa waongozao vipofu, aliombwa mbwa na mwanamke asiyeona aliyeishi Hawaii na ambaye mumewe alikuwa na mzio wa manyoya. Alimzalisha pudeli na Labrador. Katika watoto watatu wa uzao ule wa kwanza, ni mmoja tu aliyemfaa mwanamume huyo. Miaka mingi baadaye Conron mwenyewe alitangaza kujutia mtindo aliouanzisha, baada ya kuona wafanyabiashara wakizalisha machotara ovyo kwa ajili ya fedha.

Kisa hicho kina mafunzo mawili. Kwanza, watoto wa tumbo moja hutofautiana: mmoja atakuwa na manyoya ya kujikunja, mwingine ya kunyooka, mmoja mtulivu, mwingine hatulii. Pili, hakuna mbwa asiyeleta mzio kabisa, kwa kuwa vinavyosababisha mzio vimo pia katika mate na katika chembe za ngozi. Mwenye tatizo hilo akae kwanza na mbwa mwenyewe kabla ya kulipa.

Polisi inaongeza shauri moja. Usitume fedha kwa simu kumlipia mbwa uliyemwona katika picha tu. Matapeli hutumia picha za watoto wa mbwa wa kuvutia, hudai malipo ya awali, kisha ya usafiri, kisha ya cheti, na mwishowe simu huzimwa. Nenda ukamwone mtoto wa mbwa pamoja na mama yake. Uliza ukubwa wa mzazi aliye pudeli, maana wapo pudeli wakubwa wanaozidi sentimita 38 begani, na wapo wadogo sana. Usimchukue mtoto wa mbwa kabla hajatimiza wiki nane. Anayetaka kumleta kutoka nje ya nchi apate kwanza kibali cha Wizara ya Kilimo, Mifugo na Uvuvi pamoja na vyeti vya afya na chanjo.

Malezi ya miezi ya mwanzo

Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Kwa mbwa, umri wa kati ya wiki tatu na wiki kumi na nne hivi ndio anaojifunza kipi ni cha kawaida na kipi ni cha kuogopwa. Katika muda huo mzoeze kwa upole watoto, wazee, walinzi, sauti ya bodaboda, mvua juu ya mabati na watu waliobeba mizigo kichwani. Kwa kuwa chanjo zake bado hazijakamilika, mpakate badala ya kumweka chini mahali ambapo mbwa wengi hupita.

Mfundishe mapema maneno machache: jina lake, njoo, kaa, lala, acha. Familia nzima itumie neno moja kwa jambo moja. Anapotii, mpe kipande kidogo cha chakula na sifa. Mbwa wa jamii hii hujifunza upesi, na ndiyo sababu hujifunza upesi mabaya pia. Kipigo humfundisha kuogopa mkono, na mbwa mwenye hofu ndiye anayeuma.

Akianza kufinya visigino vya watoto, usicheke hata kama bado ni mdogo. Simamisha mchezo mara moja, mwite kwako, mpe kitu cha kutafuna. Wafundishe watoto nao wasimame tuli anapowafukuza, mikono ikiwa mwilini, badala ya kukimbia na kupiga kelele. Kisichokimbia hakimvutii mbwa mchungaji.

Mpe kazi

Mbwa mzima wa aina hii huhitaji saa moja hadi mbili za mazoezi kila siku, asubuhi mapema au jioni wakati jua limepungua ukali. Mtembeze kwa kamba. Katika barabara zetu, mbwa anayeruka mbele ya bodaboda aweza kusababisha ajali ya kuua dereva na abiria.

Mazoezi ya miguu peke yake hayatoshi. Ficha chakula chake sehemu mbalimbali za ua akitafute. Mfundishe kuleta viatu, kubeba kikapu, kukaa kwenye mkeka wake mgeni anapoingia. Askari wanaoongoza mbwa wa polisi wanalifahamu hili: mbwa mwenye kipaji asiyefanyishwa kazi huharibika. Kumfunga mnyororo mchana kutwa hakumtulizi. Humfanya abweke usiku, na kelele hizo ni chanzo kingine cha ugomvi wa majirani.

Manyoya na kupe

Manyoya ya pudeli huendelea kukua kama nywele za binadamu, na yanayong'oka hunaswa humo humo. Yakichanganyika na manyoya mazito ya ndani ya mbwa mchungaji, husokotana hadi kwenye ngozi, yakavuta, yakaumiza na kuficha vidonda. Mchane angalau mara tatu kwa wiki, kuanzia ngozini hadi nchani, na umpunguze manyoya kila baada ya wiki sita hadi nane. Kati ya miezi sita na kumi na miwili, manyoya ya utoto yanapobadilika, mchane kila siku. Usimnyoe hadi ngozi ikaonekana, kwani jua litamuunguza. Baada ya kuoga, kausha masikio yake, kwa sababu unyevu ndani yake huleta maambukizi.

Kupe hujificha katika mikunjo hiyo na huleta homa zinazoweza kuua. Pitisha vidole kila jioni masikioni, kwapani na katikati ya vidole. Ufizi ukipauka, mkojo ukiwa mweusi, au mbwa akikataa kula, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Dawa ya ng'ombe si dawa yake

Katika kaya nyingi, mbwa mwenye upele au kupe huchomwa sindano ya ivamektini iliyobaki baada ya kutibiwa ng'ombe. Kwa chotara huyu kitendo hicho chaweza kuwa hukumu ya kifo. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walibaini kasoro ya jeni katika mbwa wa jamii ya Collie. Kasoro hiyo huruhusu dawa fulani kupenya na kujikusanya katika ubongo. Imeenea sana kwa Australian Shepherd, na huonekana pia kwa baadhi ya Border Collie na mbwa wachungaji wa Kijerumani. Mtoto chotara aweza kuirithi hata kama sura yake yote ni ya pudeli.

Dalili ni kuyumba, kutokwa na mate, mboni za macho kupanuka, kutetemeka, kisha kuzimia. Loperamidi, dawa ya binadamu ya kuzuia kuhara, nayo imo katika orodha ya hatari. Mweleze daktari wa mifugo asili ya mbwa wako kabla ya tiba yoyote, wala usimpe dawa kwa kukisia.

Katika chakula, posho tupu haimtoshi. Ichanganye na nyama, mukene au mayai, na umwepushe na vitunguu, chokoleti na mifupa iliyopikwa.

Chanjo na wajibu wa mfugaji

Kichaa cha mbwa kikishaonesha dalili kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Takriban asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa, na watoto ni sehemu kubwa ya wanaoumwa. Mchanje mtoto wa mbwa afikishapo miezi mitatu, kisha urudie kwa ratiba ya daktari, na uitunze kadi yake kama unavyotunza hati ya kiwanja. Piga picha za mbwa wako pia. Akiibwa, picha, kadi na stakabadhi ya manunuzi ndizo zitakazotusaidia kumtambua.

Mtu akiumwa, hata kama ni mchubuko mdogo:

1. Oshwa jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15.
2. Mpeleke majeruhi kituo cha afya siku hiyo hiyo.
3. Usimuue wala kumficha mbwa. Afungiwe na kuchunguzwa kwa siku 10 chini ya uangalizi wa daktari wa mifugo.
4. Toa taarifa kwa mwenyekiti wa LC1 na kwa polisi kupitia 999 au 112.

Uganda ina Sheria ya Kichaa cha Mbwa na Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama. Aidha, Kanuni ya Adhabu inahesabu kuwa kosa kuacha kwa uzembe kuchukua tahadhari juu ya mnyama anayeweza kuhatarisha watu. Anayemwachia mbwa azurure ana kesi ya kujibu, na anayemwekea sumu mbwa wa jirani naye anayo.

Turudi kwa familia zile mbili. Mtoto alikamilisha sindano zake, na mwenye mbwa akakubali kulipa. Mbwa alichanjwa na lango likatiwa komeo. Kila jioni sasa hutembezwa kwa kamba na mwenye nyumba, na mara nyingine yule mtoto wa miaka saba huruhusiwa kumrushia mpira. Yote yaliyofanyika baada ya ugomvi yangeweza kufanyika kabla yake, kwa gharama ndogo zaidi. Ndugu mwananchi, ukiamua kumfuga mbwa huyu, mpe kazi, mpe chanjo na ufunge lango lako.