Mita 100 Paris 2024: namna gani Lyles alimupita Thompson?

Tarehe 4 mwezi wa nane 2024, kwenye uwanja Stade de France, wanaume nane walikimbia fainali ya mita 100 ya Michezo ya Olimpiki. Wote walimaliza chini ya sekunde 10. Kwa macho, wengi walizani Kishane Thompson wa Jamaika ndiye ameshinda. Kumbe zahabu ni ya Noah Lyles, Mmarekani.

Saa iliandika 9.79 kwa wote wawili. Hapo waamuzi hawagawanye zahabu mara moja. Wanaangalia kwanza picha ya mustari wa mwisho, inayopima mpaka sehemu moja ya elfu ya sekunde. Lyles: 9.784. Thompson: 9.789. Kupepesa jicho kunapita muda huo.

Na wanapima nini? Si kichwa, si mukono, si muguu. Ni kiwiliwili, maana yake kifua. Ndiyo sababu wakimbiaji wanainama mbele wakifika.

Lyles alianza nyuma, akakaza mpaka hatua ya mwisho. Fred Kerley, Mmarekani pia, alipata shaba kwa 9.81. Letsile Tebogo wa Botswana alikuwa wa sita, lakini siku nne nyuma yake alishinda mita 200 kwa 19.46: zahabu ya kwanza ya inchi yake kwenye Olimpiki.

Kwa vijana wetu wanaokimbia masomoni: musipunguze mwendo mbele ya mustari. Ni pale mushindi anapatikana.