Mtoto wa Mpakani Ana Kwao Kuwili

Swali humfika angali shule ya msingi: “Wewe ni wa wapi?” Mama ni Msamia wa Busia, baba ni Msomali, dereva wa lori aliyezoea kulala Malaba akingoja foleni isogee. Watoto wanamshika nywele, wakubwa wanamwita chotara. Akivuka mpaka kumtembelea mama yake mkubwa aliyeolewa upande wa Uganda, huko nako ni “yule Mkenya”.

Inaniuma, maana miji hii yenyewe ni ya mchanganyiko. Hadi 1902 Uganda ilifika karibu na Naivasha. Waingereza waliposogeza mpaka magharibi, Wateso na Wasamia wakajikuta kaka yuko huku, dada yuko kule. Hata neno bodaboda lilizaliwa hapa, kwa vijana wa baiskeli waliopitisha watu mpakani.

Kidonda hutoneshwa kijana akitimiza miaka 18. Anakwenda kwa chifu kutafuta kitambulisho, anaanza kuulizwa: babu yako nani, ukoo gani, mbona jina hili? Wenzake wamekwisha kusajili laini za simu na kuomba kazi. Yeye bado yuko kwenye benchi. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 14, haina utata: mzazi mmoja akiwa Mkenya, mama au baba, yatosha.

Kijana anayetiliwa shaka hivyo mwaka baada ya mwaka huanza kujitilia shaka mwenyewe. Anajitenga, anapunguza maneno nyumbani, hapati usingizi. Tusingoje azungumzie kifo ndipo tumsikilize. Akifikia huko, asiogope polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinakiuka Katiba. Apelekwe hospitali, na asiende peke yake.

Lakini kuna kitu ambacho daktari hawezi kumpa. Waluhya, ambao Wasamia ni sehemu yao, wana neno omwiwa, mtoto wa dada. Kwa wajomba zake huyo si mgeni. Ana heshima yake, na katika sherehe ana kazi zake. Wajomba wa Busia, mwiteni kwa jina hilo mbele za watu. Mpelekeni akaone kaburi la babu, mfundisheni Kisamia hata akikosea. Na siku ya kitambulisho, mjomba aketi naye kwenye benchi lile. Wakiulizwa ukoo, ajibu yeye: “Huyu ni mwana wa dada yangu.”