Fidia ya Rondo na Uwezo wa Kamati za Kujitolea

Katika serikali za mitaa nchini Marekani, mabaraza ya miji huunda kamati za raia wanaojitolea, yaani watu wasio watumishi wa jiji na wasiolipwa mshahara, ambao huteuliwa kwa muda maalumu ili wachunguze jambo fulani na kulishauri baraza. Miji ya Minneapolis na Saint Paul, inayopakana kwenye Mto Mississippi jimboni Minnesota, ina kamati nyingi za namna hiyo, na tangu George Floyd alipouawa na polisi mjini Minneapolis tarehe 25 Mei 2020, zile zinazoshughulikia ubaguzi wa rangi na usawa wa kijamii zimetwishwa matarajio makubwa kuliko uwezo zilionao kisheria. Inayostahili kutazamwa kwa karibu zaidi ni Kamisheni ya Fidia ya Saint Paul, yenye wajumbe 11, iliyoundwa kwa sheria ndogo ya jiji mwanzoni mwa mwaka 2023, kwa sababu kazi iliyopewa inagusa mali: kupendekeza jinsi jiji litakavyowawezesha wazao wa Waafrika waliokuwa watumwa Marekani kujenga utajiri wa kurithishana.

Dhana ya usawa wa kijamii, kama kamati hizi zinavyoitumia, huanza kwa kuuliza pengo lililopo lilitengenezwa na nani na kwa njia gani. Katika eneo la miji hiyo miwili, takriban robo tatu ya kaya za Wazungu humiliki nyumba zinamoishi, ilhali kwa kaya za Weusi kiwango ni chini ya theluthi moja, na chanzo kimojawapo cha tofauti hiyo kimo ndani ya hati miliki zenyewe. Hati moja ya Minneapolis ya mwaka 1910 ilipiga marufuku nyumba kuuzwa, kuwekwa rehani au kukodishwa kwa mtu yeyote mwenye damu au nasaba ya Kichina, Kijapani, Kituruki au Kiafrika, pamoja na makundi mengine yaliyotajwa kwa majina, na sharti hilo lilifungamana na ardhi, hivyo lilimbana kila aliyeinunua baadaye. Msomaji wa Dar es Salaam anaijua mipaka ya Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, ambayo Waingereza waliichora kwa kutumia viwango vya ujenzi, rangi ya mtu ikifichwa nyuma ya matofali na makuti; katika hati za Minneapolis rangi iliandikwa waziwazi, ikapigwa mhuri na kuhifadhiwa katika masjala ya serikali.

Kwa kuwa hati hizo zilihifadhiwa, ziliweza kutafutwa. Mradi wa Mapping Prejudice, ulioanzishwa mwaka 2016 na kulelewa na Chuo Kikuu cha Minnesota, hutumia kompyuta kuchambua picha za hati za zamani na kutenga zile zenye maneno ya kutiliwa shaka, kisha watu wa kujitolea huzisoma moja baada ya nyingine, hati ileile ikipitiwa na wasomaji kadhaa kabla ya kukubalika kuwa na sharti la ubaguzi. Kwa njia hiyo zaidi ya nyumba 8,000 zenye masharti hayo zimetambuliwa Minneapolis pekee. Minnesota ilikwisha kupiga marufuku masharti mapya mwaka 1953, na sheria ya shirikisho ya 1968 ikayabatilisha yote, lakini maandishi yalibaki mpaka sheria ya jimbo ya mwaka 2019 ilipomruhusu mwenye nyumba kuyatangua rasmi. Kutangua sharti ni jambo jema. Hata hivyo hakumrudishii chochote yule ambaye babu yake alinyimwa nyumba.

Huko Saint Paul, Weusi walipoteza mali kwa njia nyingine. Mtaa wa Rondo ulikuwa makao ya sehemu kubwa ya Weusi wa jiji hilo, wenye makanisa, maduka na nyumba ambazo wakazi wake wengi walizimiliki wenyewe, hadi wapangaji wa barabara kuu ya I-94 walipoamua ipite katikati yake. Mhandisi wa mipango ya jiji, George Herrold, alikuwa amependekeza njia ya kaskazini kando ya reli, ambayo ingeharibu makazi machache zaidi, lakini pendekezo lake halikufuatwa. Bomoabomoa ilianza mwaka 1956. Mchungaji mzee George Davis, aliyekataa kuhama, alitolewa nyumbani kwake na polisi, na hadi barabara inafunguliwa mwaka 1968 familia zaidi ya 600 zilikuwa zimeondolewa.

Wakazi wa Rondo nao walikuwa na kamati yao ya kujitolea, na historia yake ina uzito kwa yeyote anayetaka kuzipima kamati za leo. Chama chao, kilichoongozwa na mchungaji Floyd Massey na Timothy Howard, kilidai mambo matatu: bei ya haki kwa nyumba zitakazobomolewa, sheria itakayomruhusu Mweusi kununua nyumba katika mtaa wowote, na barabara ichimbiwe chini ya usawa wa ardhi badala ya kuinuliwa juu. Walilopata ni la tatu. Lililohusu umbo la barabara lilikubaliwa. Yaliyohusu mali na haki ya kuimiliki yalikataliwa, na hapo ndipo hasara ya Rondo ilipogeuka kuwa ya vizazi, kwa kuwa aliyelipwa kidogo hakuwa na mtaa mwingine wa kununua nyumba hata kama angekuwa na fedha.

Mwelekeo huohuo wa kukubali yasiyogusa mali unaonekana tangu hapo. Meya Chris Coleman aliomba radhi mwaka 2015, na baraza la jiji likafanya hivyo mwaka 2021, likaunda kamati ya kuandaa msingi wa fidia, ambayo ripoti yake ya 2022 ndiyo iliyozaa kamisheni ya sasa. Kamisheni hiyo inashauri tu, na haina fungu la fedha la kugawa kwa uamuzi wake. Jiji, chini ya Meya Melvin Carter, ambaye familia yake mwenyewe ilipoteza mali Rondo, lilianzisha mfuko wa mikopo inayosamehewa kwa wazao wa familia zilizoondolewa Rondo ili wanunue nyumba. Hatua hiyo inaheshimika, ingawa ni ndogo ikilinganishwa na kilichochukuliwa.

Suala la nani anastahili lina ugumu wake, hasa kwa Waafrika Mashariki, kwa kuwa miji hii ina jumuiya kubwa kuliko zote za Wasomali nchini Marekani, pamoja na Wakenya na Waoromo wengi. Kamisheni imefungwa kwenye nasaba ya waliokuwa watumwa Marekani, hivyo mhamiaji wa juzi kutoka Mombasa hayumo, japo hati ya 1910 ingemzuia vilevile. Uamuzi huo ni wa haki: fidia hulipwa kwa hasara inayoweza kuonyeshwa, na ubaguzi anaokutana nao mhamiaji leo katika kupanga nyumba au mbele ya polisi una vyombo vyake, vikiwemo vile vilivyoanzishwa chini ya sheria ndogo ya haki za kiraia ya Minneapolis ya mwaka 1967. Nasaba na mahali pia ni vigezo vinavyoweza kuwa imara zaidi mahakamani kuliko rangi peke yake, ingawa kinga hiyo haina uhakika. Jiji la Evanston, jimboni Illinois, linalolipa dola 25,000 kwa Weusi walioishi humo kati ya 1919 na 1969 au wazao wao, lilishtakiwa mwaka 2024 kwa sababu ya malipo hayo.

Wakati huohuo, shirika la ReConnect Rondo linapendekeza daraja la ardhi, yaani kifuniko kipana juu ya barabara kitakachobeba bustani, nyumba na biashara, na mwaka 2023 lilipata ruzuku ya shirikisho ya dola milioni 2 kwa ajili ya upangaji. Kifuniko hicho kinawezekana kwa sababu barabara iko bondeni, kama kamati ya miaka ya 1950 ilivyodai. Viwanja vitakavyopatikana juu yake vitahitaji hati miliki, na majina yatakayoandikwa humo ndiyo yatakayojibu madai mawili yaliyobaki ya chama cha Massey na Howard.