Mchagua Nazi Hupata Koroma? Uteuzi wa Vitabu vya Uprogramu, Hifadhidata na Wavuti kwa Mwanafunzi wa Kiswahili

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Wakaongeza kuwa mchagua nazi hupata koroma. Methali hizi mbili humwonya mtu anayepoteza asubuhi yake akikagua mpini ilhali wenzake wamekwisha kulima ngwe. Hata hivyo, mkulima wa Runyenjes au wa Nkubu aingiapo dukani hununua jembe akijua udongo atakaoulima. Hachagui kwa madaha bali kwa haja. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba mwanafunzi wa Kiswahili anayetaka kujifunza uprogramu, hifadhidata na teknolojia ya wavuti hana budi kuchagua vitabu kwa namna hiyo hiyo, kwani kitabu kisichofaa humla fedha, humla muda, na hatimaye humvunja moyo.

Jambo hili nililijua kwa hasara. Nilipokuwa katika shahada ya kwanza nilinunua kitabu kikuukuu cha kufunzia lugha ya programu iitwayo Python kutoka kwa mchuuzi wa kando ya barabara. Kilikuwa kinene, chenye jalada la kupendeza, na bei yake ilikuwa nauli yangu ya kwenda nyumbani. Jioni hiyo nilinakili mfano wa kwanza, herufi kwa herufi, katika tarakilishi ya maabara. Mashine ikakataa. Nilirudia mara tano, nayo ikakataa mara tano. Nikahitimisha kwamba kasoro ilikuwa yangu, kwamba mtu wa fasihi na isimu hana nafasi katika mambo ya mashine. Kitabu nikakitia chini ya godoro muhula mzima. Baadaye nilikuja kutambua kwamba kitabu kile kilifunza toleo la pili la Python, ilhali mashine ilikuwa na toleo la tatu lililotoka Desemba 2008. Katika toleo la pili, amri ya kuchapisha maneno kwenye skrini huandikwa bila mabano. Katika la tatu mabano ni ya lazima. Kilichonitoa darasani kilikuwa jozi moja ya mabano.

Haja ya mwanafunzi wa Kiswahili

Huenda msomaji akauliza: mwanafunzi wa Kiswahili anatafuta nini katika uprogramu? Jibu lipo katika barabara itokayo Embu hadi Meru kupitia Chuka. Kandokando ya njia hiyo na katika viunga vyake kuna Chuo Kikuu cha Embu, kilichopata hati ya kujisimamia mwaka 2016, Chuo Kikuu cha Chuka na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kilichoko Nchiru, vyote viwili vilivyopata hati mwaka 2013, pamoja na Chuo Kikuu cha Methodisti cha Kenya kilichoko Kaaga, kilichopata hati mwaka 2006. Mwanafunzi wa lugha katika eneo hili huishi baina ya Kiswahili, Kimeru na Kiembu. Akikusanya methali, nyimbo za jando au majina ya mahali, data hiyo huandikwa daftarini, huhamishiwa kwenye viambatisho vya tasnifu, kisha hulala rafuni. Mtafiti ajaye huanza upya.

Wenzetu wametuonyesha njia nyingine. Tangu miaka ya 1980, Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini alishughulikia uchanganuzi wa Kiswahili kwa tarakilishi, na kutokana na kazi hiyo tukapata Kongoo ya Kiswahili ya Helsinki. Hapa nchini, mradi wa Kencorpus ulioshirikisha watafiti wa vyuo vikuu vya Kenya ulikusanya matini na sauti za Kiswahili, Kidholuo na Kiluhya. Kimeru na Kiembu havikuwamo. Lugha isiyo na matini yaliyopangwa vyema haiwezi kupata kikagua tahajia wala programu ya tafsiri. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kiswahili anayesoma uprogramu haachi taaluma yake, anaiongezea ghala.

Vitabu vya uprogramu

Jambo la kwanza la kuangalia ni toleo la lugha ya programu inayofunzwa. Python inafaa kutolewa mfano kwa sababu inatumiwa sana katika uchanganuzi wa lugha. Toleo lake la pili liliachwa rasmi na watunzaji wake tarehe 1 Januari 2020. Kitabu kinachofunza toleo hilo ni kama ratiba ya matatu ya mwaka jana: imeandikwa vizuri, lakini gari haliji.

Kwa wakusanyaji wa data wa Meru na Embu kuna sababu nyingine nzito zaidi, nayo ni herufi. Kiembu huandikwa kwa irabu ĩ na ũ zenye alama ya wimbi juu, na katika Kimeru wapo waandikao kwa wimbi na waandikao kwa kofia, yaani î na û. Mfumo wa zamani wa herufi za tarakilishi ulioitwa ASCII una nafasi 128 tu, na alama hizi hazimo. Mfumo wa Unicode unazo, nalo toleo la tatu la Python huchukulia maandishi yote kuwa ya Unicode bila kuambiwa. Isitoshe, herufi ĩ yaweza kuhifadhiwa kama alama moja au kama alama mbili, yaani i pamoja na wimbi lake. Jicho huona neno moja, mashine huona maneno mawili, na hesabu ya msamiati huharibika. Kabla ya kununua kitabu, fungua faharasa yake utafute neno Unicode. Likikosekana, kitabu hicho hakikuandikwa kwa ajili ya kazi yako.

Vipo vitabu vizuri visivyohitaji senti. Think Python cha Allen Downey, ambacho toleo lake la tatu lilitoka mwaka 2024, na Automate the Boring Stuff with Python cha Al Sweigart, vyote viwili husomwa bure mtandaoni kwa idhini ya waandishi wenyewe. Cha kwanza hujenga fikra hatua kwa hatua. Cha pili humfunza mwanagenzi kazi za ofisini kama vile kupanga faili na kusoma majedwali. Kwa mwanaisimu, kitabu cha Steven Bird, Ewan Klein na Edward Loper kiitwacho Natural Language Processing with Python kina thamani ya pekee. Hapa pana mtego, hata hivyo. Chapa ya karatasi ya mwaka 2009 ilifunza toleo la pili la Python, ilhali waandishi waliweka mtandaoni nakala iliyorekebishwa kwa toleo la tatu. Anayelipia nakala kuukuu hupata koroma. Asiyelipa hupata nazi.

Hata kitabu kizuri husomwa kwa tahadhari. Mifano mingi ya vitabu hivi ni ya Kiingereza, lugha ambayo maneno yake hubeba viambishi vichache. Chukua neno hatukumwona. Ndani yake mna kiambishi cha ukanushi, cha nafsi, cha wakati, cha mtendwa, mzizi na kiishio. Programu inayotenga maneno kwa kufuata nafasi baina yao, kisha kukata mkia wa neno, itaambulia patupu. Mwanafunzi anayejua mofolojia ya Kibantu huligundua kosa hilo upesi kuliko mwanafunzi wa sayansi ya tarakilishi. Huo ni mtaji wake, na asiuonee haya.

Vitabu vya hifadhidata

Tofauti na uprogramu, taaluma ya hifadhidata huzeeka polepole. Msingi wake uliwekwa mwaka 1970 na Edgar F. Codd, mtafiti wa kampuni ya IBM, aliyependekeza data ipangwe katika majedwali yanayohusiana. Lugha ya kuulizia majedwali hayo, SQL, ilisanifishwa nchini Marekani mwaka 1986 na ingali inatumika. Kwa hiyo kitabu cha maktabani chenye umri wa miaka ishirini chaweza kufaa, mradi kiwe kinafunza misingi. Kinachochakaa upesi ni kitabu kinachomwelekeza msomaji bonyeza hapa, bonyeza pale, katika programu ya kampuni moja. Programu hiyo ikibadilishwa sura, kitabu hubaki bila kazi.

Njia rahisi ya kukipima kitabu cha hifadhidata ni kukiuliza swali la kamusi. Neno kaa lina maana ya kitenzi cha kuketi au kuishi, ya kipande cha makaa, na ya mnyama wa pwani mwenye magando. Mwanagenzi atataka kuandika maana zote katika safu moja ya jedwali. Kitabu chema kitamweleza kwamba maumbo yawe na jedwali lao, maana ziwe na jedwali lao, na ufunguo uziunganishe, ili umbo moja liweze kuwa na maana nyingi bila kurudiarudia. Sura inayoeleza uhusiano huo ikiwa mbele ya sura za vitufe, chukua kitabu hicho.

Kuhusu zana ya mazoezi, SQLite, iliyotolewa mwaka 2000, yafaa sana. Ni ya bure, huhifadhi hifadhidata nzima katika faili moja, na haihitaji seva wala intaneti. Stima ikipotea jioni na mtandao ukakatika, mwenye kipakatalishi chenye chaji huendelea kufanya kazi.

Vitabu vya teknolojia ya wavuti

Hapa sitakawia, kwa kuwa hii ndiyo mboga inayochacha upesi. HTML5 iliidhinishwa mwaka 2014, na tangu makubaliano ya mwaka 2019 kiwango cha HTML hurekebishwa mfululizo pasipo kungoja toleo jipya. Teknolojia ya Flash, iliyojazwa katika vitabu vya miaka ya 2000, ilikoma mwishoni mwa 2020. Ushauri wangu ni kwamba usitoe fedha nyingi kwa kitabu kinene cha wavuti. Tumia maelezo ya bure ya MDN, ambayo hurekebishwa kila mara, uyapakue palipo na mtandao uyasome palipokosekana.

Lipo jambo moja dogo la kukagua katika kitabu chochote cha wavuti: je, kinafunza kutaja lugha ya ukurasa? Kiswahili kina msimbo wake wa kimataifa, sw. Kimeru ni mer, na Kiembu ni ebu. Ukurasa usiotaja msimbo huu huenda ukasomwa kwa matamshi ya Kiingereza na programu zinazowasomea wasioona. Vitabu vingi hulipita jambo hili kwa sentensi moja. Kwetu sisi, sentensi hiyo ni sura nzima.

Maswali ya kujiuliza mbele ya rafu

Mwanafunzi aliyesimama mbele ya rafu, iwe katika maktaba ya chuo, katika maktaba ya umma mjini Embu au Meru, au penye turubai la mchuuzi, ajiulize maswali haya:

1. Nataka kutengeneza kitu gani? Asiye na kazi mahususi hana kipimo cha kitabu.
2. Kitabu kinafunza toleo lipi, na toleo hilo lingali hai?
3. Kinaeleza sababu, au kinaorodhesha hatua tu?
4. Je, mazoezi yake yanawezekana kwa mashine niliyo nayo, pasipo intaneti ya kila saa?
5. Je, kipo kwa idhini huru, au ninataka kukirudufu kinyume cha sheria ilhali kingine cha bure kinatosha?

Baadhi ya wenzetu husema kwamba siku hizi programu za akili unde huandika msimbo zenyewe, na kwamba vitabu vimepitwa. Dai hili lina ukweli nusu. Programu hizo huandika, lakini hukosea kwa ujasiri mkubwa, na asiyejua kusoma msimbo hawezi kujua kama orodha yake ya maneno ya Kiembu imepoteza mawimbi. Anayemtuma mtoto dukani sharti ajue kuhesabu chenji.

Suala la lugha

Msomaji ameona kwamba vitabu vyote nilivyovitaja ni vya Kiingereza. Si kwamba istilahi hatuna. Mwaka 2004, mradi wa KiLinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Tuna tarakilishi na kompyuta, hifadhidata na kanzidata. Tunachokosa ni aya: maelezo marefu, yenye mifano, yanayomshika mwanagenzi mkono. Orodha ya istilahi pasipo maelezo ni mbegu iliyobaki ghalani.

Kwa sababu hiyo, napendekeza kwamba vyama vya wanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vya eneo hili viunde makundi ya kusoma. Kila kundi lichague kitabu kimoja huru, na baada ya kila sura mwanachama mmoja aandike muhtasari kwa Kiswahili, akitumia istilahi zile zile tangu mwanzo hadi mwisho na mifano ya lugha zetu. Wahadhiri waisahihishe kama wasahihishavyo insha. Baada ya mwaka kundi litakuwa na mswada.

Hitimisho

Makala haya yamesisitiza kwamba kitabu hufaa kwa kupimwa na kazi. Uprogramu huhitaji kitabu cha toleo lililo hai na kinachozijali herufi zetu, hifadhidata huhitaji misingi hata kama jalada limechakaa, na wavuti huhitaji maelezo ya leo. Kile kitabu changu cha chini ya godoro ningali ninacho. Humwonyesha kila mwanafunzi anayenijia akidai kwamba hana kipaji cha mashine, nami humwomba kwanza anionyeshe kitabu alichokitumia.