Je, Wajua? Bakteria wa Mwani Anayeyeyusha Ute wa Viwandani

Je, wajua kwamba ule utelezi ndani ya dumu la maziwa lisilosuguliwa vizuri ni makazi ya viumbe hai? Bakteria wakitua juu ya plastiki, chuma cha pua au ubao wa kukatia nyama, hutoa ute wa sukari, protini na DNA, wakajifunika nao na kuzaana humo humo. Ute huo na wakazi wake ndio utando wa bakteria. Ukoga wa meno nao ni utando wa namna hiyo. Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa Delft, Uholanzi, alikwangua wake akautazama kwa lenzi aliyojitengenezea, na mwaka 1683 akaandika barua kuhusu alichokiona. Aliposukutua kwa siki, vijidudu vilibaki hai kwenye meno. Alipovikwangua na kuvichanganya na siki hiyo hiyo, vilikufa. Ukali wa siki ulitosha. Kilichokosekana ni njia ya kuvifikia.

Je, wajua kwamba jokofu halimzuii Listeria? Bakteria huyu huendelea kuzaana polepole hata kwenye nyuzijoto 4 za Selsiasi, na akishapata utando wake kwenye mfereji wa sakafu au maungio ya mashine ya kukatia nyama, anaweza kukaa kiwandani miaka. Afrika Kusini ilimjua vizuri mwaka 2017 na 2018: wagonjwa zaidi ya 1,000, vifo zaidi ya 200, na miongoni mwa walioathirika walikuwamo watoto wachanga wengi. Wachunguzi walifuatilia mpaka wakafika kwenye polony, soseji ya bei nafuu inayoliwa bila kupikwa, na kwenye kiwanda kimoja cha Polokwane.

Je, wajua kwamba maziwa yaliyochemshwa yanaweza kuharibiwa na bakteria waliokwisha kufa? Pseudomonas fluorescens hustawi kwenye baridi, na hujenga utando ndani ya matangi na mabomba ya maziwa. Moto humuua, lakini baadhi ya vimeng'enya vyake huvumilia joto hilo na kuendelea kuvunja protini na mafuta, mpaka maziwa yakawa machungu.

Basi kama vimeng'enya vinaweza kuharibu, vinaweza pia kusafisha. Je, wajua kwamba kimoja cha kusisimua zaidi kimetoka kwa bakteria aliyeokotwa juu ya mwani? Ni Bacillus licheniformis, na kimeng'enya chake huitwa NucB. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, akiwamo Grant Burgess, walikieleza mwaka 2010. Kazi yake ni moja: kukata DNA. Huenda ukauliza DNA inahusianaje na uchafu. Bakteria wanapopasuka huimwaga, na nyuzi zake ndefu hushikilia ute kama nondo ndani ya zege. Tangu mwaka 2002 ilikwisha kuonyeshwa kwamba utando mchanga wa Pseudomonas unaweza kuyeyushwa kwa kuziharibu nyuzi hizo. Kinachonifurahisha mimi ni kwamba bakteria huyu wa mwani hakuhitaji kufundishwa na mtu. Hutoa NucB, na NucB huweza kuuvunja hata utando wa bakteria huyo huyo aliyeitengeneza.

Bakteria wengine wa baharini hula mwani wenyewe. Wana vimeng'enya vya kukata alginati, gundi ya mwani wa kahawia, na baadhi ya Pseudomonas hujengea utando wao alginati pia. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya bahari ni baridi na yenye chumvi, baadhi ya vimeng'enya vya huko hufanya kazi bila kupashwa moto. Kwa kiwanda cha samaki au nyama, ambako kila kitu hulazimika kubaki baridi, hiyo si faida ndogo.

Hata hivyo, anayedhani brashi na sabuni vimestaafu amekosea. Bei ya kutengeneza vimeng'enya kwa wingi bado ni kikwazo, na utando mmoja ukishikiliwa na DNA, mwingine hushikiliwa na sukari au protini, kwa hiyo mara nyingi huhitajika mchanganyiko. Lililo kubwa zaidi: NucB haiui. Humfukuza bakteria nyumbani kwake akiwa mzima, na maji ya kusuuza yanaweza kumpeleka kwenye mashine ya jirani. Ndiyo maana kimeng'enya hutangulia, na klorini hufuata papo hapo, kabla waliohamishwa hawajapata pa kutua.