Pacha Mmoja Akipinda Mgongo, Mtazame na Mwenziwe

Ninyi wazazi mliojaliwa mapacha mwaijua furaha yake na kazi yake. Kulwa akilia, Doto naye hulia. Basi watoto wamefikia miaka 12, mama amshonea Kulwa gauni la Pasaka, mara aona pindo la upande mmoja li juu kuliko la pili. Gauni halina kosa. Mgongo ndio uliopinda.

Hapo maneno huanza kijijini. Mmoja asema mtoto amerogwa. Wa pili asema ni ndoo za maji alizojitwisha. Wa tatu amlaumu mama. Msomaji mpendwa, yaache maneno hayo, tusikie waliyoyaona madaktari.

Uti wa mgongo ni pingili nyingi zilizopangwa moja juu ya nyingine. Kwa watoto wengine, hasa wanapokua upesi kati ya miaka 10 na 16, uti huo hupinda kwenda upande na kujisokota. Ugonjwa huu huitwa skoliosi. Wasichana ndio wanaopinda zaidi.

Mapacha wamesaidia sana kuonyesha asili yake. Mapacha wa kufanana kabisa hutoka katika yai moja lililogawanyika, kwa hiyo urithi wao ni mmoja. Mapacha wasiofanana hutoka katika mayai mawili, nao hurithi kama ndugu wengine tu. Mwaka 1997 watafiti wawili walikusanya habari za mapacha zilizokwisha kuandikwa. Pacha mmoja alipokuwa na ugonjwa huu, mwenziwe alikuwa nao mara 73 katika 100 kwa wale wa yai moja, na mara 36 tu kwa wale wa mayai mawili. Hesabu ya Denmark ya mwaka 2007 ilipata ufanano mdogo zaidi, lakini huko nako wale wa yai moja walizidi.

Twajifunza nini? Kwanza, urithi una nguvu hapa. Pili, urithi si yote; kama ungekuwa yote, mapacha wa yai moja wangepinda wote daima.

Kwa hiyo, ukimwona Kulwa amepinda, usimsahau Doto. Asimame wima, miguu pamoja, kisha ainame mbele bila kukunja magoti, mikono ikining'inia. Mtazame kwa nyuma. Kama mbavu za upande mmoja zimeinuka kuliko za pili, mpeleke hospitali. Njia hii aliieleza daktari William Adams wa London mwaka 1865, nayo haina gharama.

Usingoje. Samaki mkunje angali mbichi. Utafiti wa Marekani na Kanada uliotolewa mwaka 2013 ulionyesha kwamba kati ya vijana 100 waliovalishwa mkanda mgumu wa kuzuia mgongo, 72 hawakufikia mpindo mkubwa wa kupasuliwa. Kwa wasiovaa walikuwa 48.

Tena angalia: mtoto mwenye maumivu ya mgongo, homa, kukonda, au kinundu katikati ya mgongo, huenda ana kifua kikuu cha mifupa. Huyo apelekwe upesi. Dawa zipo, naye aweza kupona.

Katika Injili ya Yohane, wanafunzi walimwuliza Bwana Yesu ni nani aliyekosa hata mtu akazaliwa kipofu, yeye au wazazi wake. Bwana aliwajibu kwamba si yeye wala wazazi wake. Basi nasi tusimlaumu mama wa Kulwa. Tumsindikize hospitali, pamoja na watoto wake wote wawili.