Adabu ya Kupiga Picha Ndege wa Mwituni

Msafiri apitaye nchi ya Bariadi na Itilima kwenda Serengeti huwa na kamera yake mkobani, imefungwa barabara, akiamini kwamba hakuna cha kupiga picha mpaka afike kwenye lango la hifadhi. Ilhali katika nchi hii ya pamba, ng'ombe na migunga, iliyo baina ya Ziwa Victoria na tambarare za Serengeti, amekwisha kuingia katika makazi ya ndege ambao watu huvuka bahari ili wapate kuwatazama. Zagayu, kata iliyokuwa zamani katika wilaya ya Bariadi na ambayo leo imo katika wilaya ya Itilima, mkoani Simiyu, imo katika nchi hiyo. Mwaka 1887 mtaalamu wa ndege wa Berlin, Anton Reichenow, aliwaeleza kwa kalamu ya elimu ndege watatu wa upande huu ambao asili ya makazi yao ni Tanzania ya kaskazini na pembezoni mwake tu: kereng'ende mwenye kifua cha kijivu na koo la rangi ya chungwa, mnana mkubwa mwenye mkia wa rangi ya kutu, na kasuku mdogo aliyepewa jina la Gustav Fischer, msafiri wa Kijerumani aliyefariki mwaka mmoja kabla. Wanaofaa kupigwa picha ni wengi kuliko hao, lakini hao watatu watanitosha kueleza jambo ambalo naliona kuwa ndilo shina la kazi hii: kila kinachomdhuru ndege huiharibu picha yake pia, na adabu ya mpiga picha na ustadi wake ni kitu kimoja.

Nitaanza na nuru. Zagayu iko takriban nyuzi tatu kusini mwa ikweta, na hapa jua halipandi kwa mshazari kama Ulaya, bali hupanda wima, kwa haraka, hata ile saa laini ya mawio, ambayo nuru yake huingia ubavuni mwa ndege na kuonyesha kila unyoya, haiwi ndefu. Ifikapo saa tatu asubuhi, vivuli vimekuwa vifupi na vikali, jicho la ndege limezama gizani chini ya paji lake, na udongo mweusi wa mbuga, ambao hunywa joto kuliko udongo mwingine, umeanza kutoa mazigazi. Hapo ndipo wengi hulaumu vyombo vyao bure. Lenzi ndefu ya milimita 600 humkuza ndege, lakini huikuza kadhalika hewa inayochemka baina yake na wewe, na hakuna lenzi, iwe ya thamani gani, iwezayo kuitakasa hewa hiyo. Dawa ni kuwahi kabla ya jua, au kungoja alasiri ipoe, au kumkaribia ndege kwa ridhaa yake.

Kamera nayo ina udanganyifu wake, kwa kuwa imetengenezwa kudhani kwamba kila kilicho mbele yake kina weupe na weusi wa wastani. Mweke yangeyange mweupe juu ya udongo mweusi wa Simiyu, nayo itaona giza jingi, itaongeza nuru, na yule ndege atatoka kama kipande cha karatasi kisichokuwa na manyoya. Basi mpiga picha hana budi kuipunguzia nuru kwa makusudi, kama ambavyo hana budi kuiongeza ndege mweusi anapokaa mbele ya mbingu nyeupe. Ndege aliyetua hupigwa vizuri kwa 1/500 ya sekunde au upungufu wake kidogo ikiwa mkono umetulia juu ya mfuko wa mchanga; arukaye hutaka 1/2000 au zaidi. Hayo hufundishika kwa siku chache, nami sitayarefusha.

Jambo lisilofundishika upesi ni ukaribu. Ndege ana masafa yake ya hofu, ambayo hubadilika kwa aina, kwa msimu na kwa mazoea, naye hutoa ishara kabla ya kuruka: huacha kula, hunyoosha shingo, hugeuza mwili kuelekea upande wa kutorokea, na mara nyingi hunya kinyesi ili apunguze uzito. Mwenye kusoma ishara ya kwanza akasimama, akainama, akatazama pembeni kana kwamba ana shughuli nyingine, ndege hurudi kula. Asiyeisoma hupata picha ya mkia. Na katika vijiji vya Wasukuma kuna siri ambayo vitabu vingi vya Ulaya haviitaji, nayo ni kwamba ndege wa huku wamezoea ng'ombe na wachungaji tangu zama za mababu, hata mtu anyemeleaye kwa magoti nyuma ya minyaa huwatia shaka kuliko yule aliyeketi waziwazi kando ya lambo, mahali wanaposimama wachungaji kila siku, akatulia. Mwindaji hunyemelea, na ndege anajua hivyo.

Kando ya lambo ndipo nipendapo kumtazama kasuku wa Fischer. Husikika kabla ya kuonekana, kwa milio mikali ya juu juu, kisha kundi hutua katika matawi makavu na kukaa kimya. Mmoja hushuka, hutazama, hupanda tena. Na baada ya kitambo wote huteremka pamoja hadi kwenye nyayo za ng'ombe zilizojaa maji, ambako hunywa kwa pupa, mabega yakigusana. Hapo ndipo rangi zake hudhihirika: mwili wa kijani, uso wa rangi ya chungwa, mdomo mwekundu, na duara jeupe la ngozi tupu kulizunguka jicho, ambalo likiwa halimo katika nuru picha yote hufa. Msimu wa kuzaa ukiwadia, jike huonekana akibeba mdomoni utepe mrefu wa gome aliouchana, akienda nao kwenye tundu la mti mkavu. Picha ya utepe ule, iliyopigwa mbali na tundu, ni bora mara nyingi kuliko picha ya tundu lenyewe.

Nalisema hili kwa mkazo, kwa sababu kiota ndicho kishawishi kikubwa. Mnana mwenye mkia wa kutu hujenga kwa jamaa, viota vikubwa vya nyasi vilivyovurugika, juu ya migunga, naye ana makelele na jicho la samawati hafifu, hata mgeni huona kwamba hapo pana nafasi ya kazi rahisi. Anasogea, anakata tawi moja linalomzibia, anangoja. Tawi lile ndilo lililokuwa kivuli cha makinda wakati wa adhuhuri na ndilo lililowaficha na kipanga. Na wazazi wasiothubutu kurudi kwa sababu ya mtu huacha mayai yakapata joto lisiloyafaa. Sijali uzuri wa picha iliyopatikana hivyo. Kwangu si picha ya ndege, bali ni picha ya taharuki. Vivyo hivyo kwa simu inayopiga sauti ya ndege ili kumwita mwenzake: kereng'ende dume aliyekuwa juu ya kichuguu alfajiri akitangaza mpaka wake huiacha kazi yake na kumtafuta adui asiyekuwapo.

Historia ya fani hii katika nchi yetu inaonyesha njia zote mbili. C. G. Schillings, Mjerumani aliyechapisha kitabu chake mwaka 1905, alipiga wanyama picha usiku kwa mwako wa ghafula, akiwafunga wanyama wa kufugwa kuwa chambo. Picha zilistaajabisha dunia, lakini simba aliyemwonyesha ni simba aliyeletwa pale na hila. Kinyume chake ni Hugo van Lawick, aliyeishi miaka mingi kambini Ndutu, karibu na mpaka wa Pori la Akiba la Maswa. Mwaka 1966 yeye na Jane Goodall walieleza katika jarida la Nature jinsi tumbusi mweupe wa Misri anavyookota jiwe kwa mdomo na kulitupa juu ya yai la mbuni mpaka livunjike. Walikuta ndege wakifanya hivyo kwa hiari yao, wakatazama, na kamera ikawa shahidi. Ushahidi una thamani pale tu shahidi asipokuwa amemshurutisha aliyeshuhudiwa.

Na ushahidi unahitajika. Katika miaka ya 1980 kasuku wa Fischer alikuwa miongoni mwa ndege wa mwituni waliouzwa nje kwa wingi mno duniani, mpaka Serikali iliposimamisha biashara hiyo. Hata leo anahesabiwa katika wanaokaribia hatari. Kwa upande mwingine, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986 wakati Bariadi ilipokuwa ingali ndani ya mkoa wa Shinyanga, uliifufua desturi ya Wasukuma ya ngitili, yaani malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili yatumike kiangazi, na watafiti waliozichunguza ngitili zilizofufuliwa walikuta ndani yake ndege wa aina zaidi ya mia moja. Ngitili moja ikifuatwa kwa picha miaka kumi, kwa majira yale yale na kutoka mahali pale pale, itasema mengi juu ya ardhi kuliko hotuba.

Kwa hiyo namwomba msomaji wa Zagayu, na hasa mwalimu mwenye wanafunzi na simu yenye kamera, aanze na ngitili au lambo lililo karibu naye. Lenzi ndefu si lazima. Picha ya mbali ya kundi la kasuku linalokunywa maji, ikiandikwa nyuma yake tarehe, saa, jina la mahali na idadi ya ndege, ikatunzwa shuleni pamoja na za miaka iliyotangulia, inafaa kuliko picha tukufu isiyokuwa na maandishi. Mwende asubuhi, mkae wanapokaa wachungaji, na viota mviache.